Modeli ilisema tani tano, shamba likatoa mbili: ilikosea wapi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni afisa ugani. Msimu uliopita mimi na kijana mmoja anayejua kompyuta tuliendesha programu ya kuiga ukuaji wa mazao kwa ajili ya kikundi cha wakulima. Mvua tulichukua kwenye data za setilaiti, udongo tukautoa kwenye ramani ya dunia iliyopo intaneti. Programu ikatuambia tupande mahindi ya muda mrefu, tuweke mbolea ya kukuzia mara mbili, na tutavuna tani 5.2 kwa hekta. Mvua ikakatika siku 18 mahindi yakitoa mbelewele, na wengi wakavuna tani 2 tu. Sasa wakulima hawataki kusikia habari za kompyuta, na mimi naona aibu kuwafuata. Je, ilikosea modeli au tulikosea sisi? Na kama bado ina faida, tuitumie kwa uamuzi gani?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa msimu huo, na uwafikishie pole zangu wakulima wako. Aibu unayoisikia naielewa, maana anayesimama mbele ya wakulima ni wewe, kompyuta inabaki mezani.

Modeli iliulizwa swali isiloweza kulijibu. Mliiuliza mtavuna kiasi gani. Kabla ya msimu kuanza, hakuna programu inayojua hilo, kwa sababu hakuna anayeijua mvua itakayonyesha. Swali inaloliweza ni jingine: kati ya njia hizi mbili za kulima, ipi inatufaa zaidi, na katika misimu ya namna gani? Lakini kuna jambo la pili, linaloonekana dogo, ambalo nadhani ndilo lililowaumiza hasa. Ni kina cha udongo. Nianze na hilo.

Programu hizi ni kadhaa: DSSAT iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, APSIM iliyoanzia Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, AquaCrop ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) iliyotoka mwaka 2009. Zote, kila moja kwa namna yake, zinafanya kazi ya karani mwenye daftari. Kila siku ya msimu karani anaandika: leo jua limetoa nguvu kiasi hiki, majani yamenasa sehemu hii, mmea umeongeza uzito huu. Leo mvua imeingia milimita kadhaa, kiasi kimetiririka juu, kiasi kimezama chini kuliko mizizi, kiasi kimerudi hewani kupitia majani na uso wa udongo. Kesho anaendelea pale alipoishia. Akianza na salio lisilo sahihi, hesabu zote zinazofuata zinapotoka hata kama anajumlisha bila kosa.

Sasa tulifungue daftari la maji la shamba lako. Udongo wa tifutifu hushika kwa wastani milimita 13 hivi za maji yanayoweza kutumiwa na mmea katika kila sentimita 10 za kina. Ramani za udongo mara nyingi hukupa kina cha sentimita 150, na kijana akikubali namba hiyo bila kuihoji, ghala la maji linakuwa milimita 195. Mahindi hayaanzi kuteseka siku maji yanapoisha kabisa. Huanza pale yanapokuwa yametumia zaidi kidogo ya nusu ya ghala, na FAO huweka kiwango hicho kwenye asilimia 55 hivi. Asilimia 55 ya 195 ni milimita 107. Mahindi ambayo majani yake yameshafunika nafasi kati ya mistari, kwenye jua kali, hunywa milimita 6 kwa siku. Gawanya: siku 18.

Hebu itazame tena hiyo namba. Kwenye udongo wa ramani, ghala likiwa limejaa, ukavu wa siku 18 wakati wa mbelewele unapita na mahindi ndiyo kwanza yanaanza kuhisi kiu. Modeli ingekuahidi mavuno mazuri hata kama ingeujua ukavu huo mapema.

Sasa tuseme shambani kuna tabaka gumu kwenye sentimita 60, kama yaliyopo kwenye mashamba mengi yanayolimwa kwa kina kile kile mwaka hadi mwaka, au mwamba, au changarawe. Ghala linakuwa milimita 78, na asilimia 55 yake ni 43. Kwa milimita 6 kwa siku, mahindi yanaanza kuteseka siku ya nane. Zimebaki siku kumi za mateso, na zinaangukia kwenye kipindi kibaya kuliko vyote, wiki mbili kabla na baada ya ndevu kutoka, mmea unapoamua gunzi litabeba punje ngapi. Punje zilizokufa wakati huo hazirudishwi na mvua ya baadaye. Mwanamume au mwanamke aliyelima shamba lile angeweza kukuonyesha gunzi lenye ncha tupu na mistari yenye mapengo.

Nimejifunza hili kwa gharama. Miaka ya nyuma niliwahi kuandaa ushauri kwa kutumia kina nilichokikuta kwenye faili, nikaona hesabu zimekaa vizuri, nikaridhika. Mzee mmoja mwenye shamba hakubishana nami. Alichukua fimbo ya chuma, akaisukuma ardhini siku mbili baada ya mvua kubwa, ikazama kama inaingia kwenye uji, kisha ikagota. Akashika kwa vidole pale chuma kilipokutana na uso wa ardhi, akaichomoa, akaiweka mbele yangu. Haikufika goti lake. Hakusema neno, na hakuhitaji kusema. Tangu siku hiyo siendeshi modeli kwa shamba ambalo hakuna mtu aliyelichimba.

Kwa hiyo chimbeni. Mashimo matatu manne kwa kila aina ya udongo ambayo wakulima wenyewe wanaitofautisha kwa jina, kwa sababu wanazo tofauti hizo na mara nyingi ni bora kuliko ramani. Tazameni mizizi ya mabua ya msimu uliopita ilifika wapi na iligeukia wapi kwenda pembeni. Kina mtakachokiandika ni cha mizizi, hata kama udongo wenyewe unaendelea chini.

Jambo linalokwenda pamoja na hilo ni maji yaliyomo ardhini siku ya kupanda. Programu nyingi usipoziambia chochote huanza na ghala lililojaa, au hutumia namba iliyoachwa na mtumiaji wa mwisho. Baada ya kiangazi kirefu ghala huwa karibu tupu, na mvua ya kwanza ya milimita 20 inalowesha sentimita chache za juu tu. Njia salama ni kuianzisha modeli miezi kadhaa kabla ya kupanda, ardhi ikiwa kavu, ili karani ajihesabie mwenyewe hadi siku ya mbegu.

Sasa mvua ya setilaiti. Siipuuzi, naitumia kila wiki. Data za mvua ziitwazo CHIRPS zinaanza mwaka 1981, zikiwa na miraba ya takriban kilomita 5, na zinachanganya ubaridi wa vilele vya mawingu na vipimo vya vituo vya ardhini. Za NASA POWER ni nzuri kwa mionzi ya jua na joto, ila miraba yake ni ya takriban kilomita 50 kwa joto, na mikubwa zaidi kwa mionzi. Tatizo la mvua inayopatikana kwa wastani wa mraba ni kwamba inasambazwa. Mvua mbili za radi zilizomwaga milimita 30 kila moja upande mmoja wa mraba zinageuka kuwa rasharasha za siku nyingi kwa mraba mzima. Jumla ya mwezi inatoka vizuri, lakini ukavu katikati umefutwa, na ukavu ndio ulioamua mavuno yenu. Kabla ya kuzitumia, chukueni kituo chochote cha karibu chenye kumbukumbu, mhesabu siku zenye mvua na kipindi kirefu zaidi cha ukavu cha kila msimu, kisha mlinganishe na setilaiti. Zikipishana sana kwenye ukavu, tumieni za kituo hata kama kiko mbali kidogo.

Daftari la joto nalo lina mtego wake, hasa kwenye aina ya mbegu. Modeli haihesabu siku za kalenda, inahesabu joto lililokusanywa. Kwa mahindi, chini ya nyuzi 8 za Selsiasi huchukuliwa kwamba mmea hauendelei, hivyo siku yenye wastani wa nyuzi 20 inaingiza 12, na yenye nyuzi 22 inaingiza 14. Tuseme mbegu yako inahitaji kukusanya 850 toka kuota hadi kutoa ndevu. Kwenye nyuzi 20 itachukua siku 71. Kwenye nyuzi 22, siku 61. Mkichagua kwenye orodha ya programu jina la mbegu linalofanana tu na yenu, ndevu zinaweza kutoka kwenye kompyuta siku kumi kabla au baada ya zile za shambani, na ukavu ule ule ukakuta mmea ulio katika hatua tofauti kabisa. Dawa yake ni rahisi, haina gharama ila nidhamu: andikeni tarehe ya kupanda, ya kuota, ya nusu ya mimea kutoa ndevu, na ya kukomaa, kwa mbegu wanayoipanda wakulima wenyewe. Misimu miwili ya tarehe hizo inatosha kuirekebisha modeli ilingane na mbegu yenu.

Hayo yakishakaa sawa, ndipo turudi kwenye swali la kuiuliza. Usiendeshe msimu mmoja. Endesha misimu 30 ya mvua iliyokwishanyesha, kila mmoja kwa mbegu ya muda mrefu, kisha kila mmoja tena kwa mbegu ya muda mfupi, mengine yote yakiwa vile vile. Panga matokeo toka baya hadi zuri. Nikupe mfano wa kubuni ili uone namna ya kuusoma. Mbegu ndefu: miaka 10 mizuri inatoa tani 5.5, miaka 10 ya kati tani 3.5, miaka 10 mibaya tani 1.2. Mbegu fupi: 3.8, 3.2 na 2.0. Ukichukua wastani, ndefu inashinda, 3.4 kwa 3.0, na programu inayotafuta wastani mkubwa itakuambia panda ndefu. Lakini mwenye deni la pembejeo na watoto wanaokula kutoka shamba hilo hilo haishi kwa wastani. Kwake mwaka mmoja kati ya mitatu kuna pengo la tani 0.8 ambalo lazima alizibe kwa kuuza kitu. Mwenye akiba au mifugo anaweza kustahimili miaka mibaya akingojea mizuri. Jibu la modeli ni moja, maamuzi ni mawili, na yote sahihi. Wapo watakaogawa shamba, na mara nyingi hilo ndilo huwa la busara.

Kwa nini nalitilia mkazo swali la kulinganisha? Kwa sababu makosa mengi ya modeli huingia pande zote mbili. Ikikadiria mionzi ya jua kupita kiasi, inakadiria hivyo kwa mbegu ndefu na fupi, na tofauti kati yao inabaki karibu na ukweli. Kosa la kina cha udongo ndilo ninaloliogopa, maana lenyewe hubadilisha hata tofauti: udongo ukiwa na kina kirefu kwenye kompyuta kuliko shambani, mbegu ndefu inapendelewa kila mara.

Utabiri wa msimu unaingia hapa. Taasisi za hali ya hewa zikisema kuna asilimia 45 ya mvua kuwa juu ya wastani, 35 karibu na wastani na 20 chini yake, wengi husikia "mvua nyingi zinakuja". Soma tena: ukame umebaki na nafasi moja katika tano. Njia ya kuuingiza kwenye modeli ni kuipa misimu ile 30 uzito tofauti, ya mvua nyingi uzito wa 45, ya kati 35, ya ukame 20, kisha uone kama mpangilio wa mbegu zako umebadilika. Mara nyingi haubadiliki, na hiyo ni habari njema: una uamuzi usiotegemea utabiri. Utabiri una nguvu zaidi pale ambapo El Niño au La Niña (kupanda au kushuka kwa joto la Bahari ya Pasifiki) ina mkono mzito juu ya mvua zenu. Utabiri wa siku kwa siku hauvuki wiki mbili hivi, na anayekupa tarehe ya mvua miezi mitatu mbele usimjengee shamba.

Kwenye mbolea ya kukuzia modeli ina faida ambayo nadhani mliipita. Kuamua awamu zote mbili kabla ya kupanda ni kutupa taarifa mtakayoipata bure baadaye. Wakati wa awamu ya pili mnajua mvua iliyokwishanyesha, mnaweza kuchoma ardhi kwa fimbo mkajua unyevu umefika wapi, na mna utabiri wa siku kumi. Endesheni modeli kwa mvua halisi hadi siku hiyo, kisha mmalizie msimu kwa mvua za miaka 30 iliyopita. Mtapata majibu 30 kwa swali moja: kilo moja ya naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mbolea ya kukuzia, nikiiweka leo inanirudishia kilo ngapi za nafaka, na katika miaka mingapi hainirudishii kitu? Ghala la maji likiwa nusu na mbingu kavu, jibu huwa wazi, na mfuko unabaki umefungwa hadi mvua irudi. Kama mngefanya hivyo msimu uliopita, mavuno yasingefika tani 5.2, ila wengi wangeokoa mbolea ya awamu ya pili.

Kuhusu tabianchi ya miaka ya mbele niseme kwa kifupi, kwa kuwa hukuuliza moja kwa moja lakini kijana wako ataifikia. Modeli za tabianchi za dunia huigawa ardhi katika miraba ya kilomita 100 hivi, na "tarehe 14 Machi 2045" iliyomo ndani yake ni siku ya mfano tu, hakuna anayeitabiri. Msiziingize moja kwa moja kwenye modeli ya mazao. Chukueni kumbukumbu zenu za miaka 30, ongezeni nyuzi 1, kisha 2, punguzeni au ongezeni mvua kidogo, muone mazao yanapoanza kuyumba. Msitegemee pia modeli moja. AgMIP, mtandao wa watafiti wanaolinganisha modeli za mazao ulioanzishwa mwaka 2010, ulizilinganisha modeli 27 za ngano katika utafiti uliotoka mwaka 2013, zikatofautiana waziwazi. Na mwaka 2015, kwa modeli 30, makadirio ya pamoja yakawa kwamba uzalishaji wa ngano duniani unapungua kwa takriban asilimia 6 kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto. Hesabu hizi zinamsaidia mtafiti wa mbegu na mpangaji wa umwagiliaji. Kwa kuamua upande nini msimu ujao, miaka 30 iliyopita pamoja na kipimo chako cha mvua vinakutosha.

Na yapo ambayo modeli hizi, kwa jinsi zinavyotumiwa kwa kawaida, haziyaoni kabisa: magugu, viwavijeshi, nafasi kati ya mimea inayobadilika kwa sababu mbegu hazikuota, palizi iliyochelewa wiki mbili kwa kuwa mtu aliugua. Tani inazotoa ni kile ambacho jua, maji na naitrojeni vingeruhusu. Sehemu ya pengo lenu, kati ya 5.2 na 2, huenda iko hapo. Ukirekebisha kina cha udongo na modeli bado ikasema tani 3 mahali wakulima walipovuna 2, usiilaumu haraka; hiyo tani moja ni swali la kwenda kuwauliza wakulima kuhusu magugu na wadudu.

Sasa kuwafuata. Huko Australia, watafiti wa mradi wa FARMSCAPE katika miaka ya 1990 walikwenda kwa wakulima wakiwa na modeli. Mlango ulifunguliwa na kupima maji na naitrojeni ya udongo kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, na baada ya hapo thamani ya kompyuta ikawa mazungumzo ya "je, tukifanya hivi itakuwaje?" yanayofanywa pamoja, mkulima akiuliza. Naamini njia hiyo inakufaa. Nenda bila kompyuta mara ya kwanza. Waambie wazi kwamba namba moja waliyopewa haikupaswa kutolewa hivyo, na kwamba hamkuwa mmechimba. Kisha waombe wakutajie misimu mitano wanayoikumbuka vizuri, ya neema na ya njaa, walipanda lini na walivuna magunia mangapi. Rudi, uiendeshe modeli kwa misimu hiyo mitano. Ikishindwa kuutenganisha mwaka wa njaa na mwaka wa neema, usiwapelekee ushauri wowote kutoka humo. Rudi kwenye udongo na mvua utafute kosa. Ikiweza, waonyeshe misimu hiyo kwanza, kwa majina wanayoiita wao, kabla hujasema neno kuhusu msimu ujao.

Mashimo yachimbwe sasa, kabla mvua hazijaanza. Na mpeni mtu mmoja kati yao kipimo cha mvua. Akisome saa ile ile kila asubuhi, na siku isiyonyesha aandike sifuri, asiache wazi, kwa sababu kijana akiikuta nafasi tupu kwenye daftari hataweza kujua kama ilikuwa siku kavu au ni mtu aliyesahau.